Kulala kambini Ngezi bila huduma yoyote: tujiandae vipi?

Kijana wa Mjini (swali)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Sisi ni vijana sita wa Mjini, Unguja, na tumekubaliana kwamba masika yakimalizika twende Pemba tukalale siku mbili mahali penye miti na utulivu, pasipo umeme, mfereji wala choo cha kujengwa. Wenzetu wa nchi nyengine hupiga mahema msituni kandoni mwa maziwa, nasi tulitamani jambo kama hilo. Kwa kuwa visiwa vyetu havina ziwa la namna hiyo, tumeona kwamba Ngezi, ambako msitu unashuka hadi ufukwe wa Vumawimbi, ndiko kunakokaribia zaidi. Tunaomba kuelezwa ruhusa hupatikana wapi, maji tubebe kiasi gani, na hema lisimamishwe wapi. Mmoja wetu anasisitiza kwamba lazima tukoke moto usiku kucha ili wanyama wasitukaribie.

Mkaazi wa Konde

Wa alaykum salaam. Nianze na ruhusa, kwa sababu wengi huiacha mpaka wameshafika. Ngezi–Vumawimbi ni hifadhi ya msitu, na misitu yetu inasimamiwa kwa Sheria nambari 10 ya mwaka 1996, kwa hivyo kulala, kukata mti au kuwasha moto ndani yake si jambo la mtu kujiamulia. Nendeni kwanza katika ofisi ya misitu hapa Pemba, mweleze idadi yenu na tarehe zenu. Mkishapata jawabu, mpitie kwa sheha kabla ya kushusha mizigo. Huko ni kijijini. Watu wanaamka usiku kwenda pwani, na wakikuta mahema ya wasiowajua watakuwa na haki ya kuuliza.

Kuhusu mahali, nashauri muutembelee msitu mchana pamoja na muongozaji wa pale langoni, kisha mlale nje ya mpaka wake, upande wa pwani, katika kiwanja ambacho mwenyewe amekuruhusuni. Sisemi hivi kwa ajili ya sheria pekee. Sehemu kubwa ya Ngezi ni bonde lenye unyevu, na baada ya masika ardhi yake hubaki imelowa kwa muda mrefu, mbu wakiwa wengi na hewa ikiwa nzito. Pia yapo maeneo ambayo wenyeji wanayaheshimu kwa mambo yao ya mizimu, na mgeni hawezi kuyatambua kwa macho. Uamini usiamini, muulize muongozaji yako wapi, usiyakanyage.

Dago la Kojani

Mimi nimekulia katika kwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, na wazee wangu, kwa hivyo kulala pwani chini ya turubai kwetu hakukuwa matembezi, kulikuwa kazi. Nitajibu la maji, yote mawili: ya kunywa na ya bahari.

Ya kunywa, hesabuni lita tano kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa na kupikia tu. Kwa watu sita na siku mbili na kitu, hayo ni madumu manne ya lita ishirini, na msiyapunguze kwa kutumaini kwamba mtakuta kisima. Mkilazimika kuchota kisimani, yachemsheni mpaka yatokote barabara kwa dakika nzima, au mtumie vidonge vya klorini. Hata kisiwa cha Misali, ambako wavuvi wamekuwa wakipiga dago tangu zamani, hakuna maji matamu ya kutegemea, na kila chombo kinachokwenda huko hubeba maji yake.

La bahari ndilo linalowaponza watu wa mjini. Kwetu maji makuu hupanda na kushuka hadi kiasi cha mita nne, na hufuata mwezi: mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Ufukwe unaouona mpana na mkavu saa nne asubuhi unaweza kuwa umefunikwa kabla ya alfajiri, nanyi mmelala. Tazameni mstari wa juu kabisa wa mwani na takataka zilizoachwa na bahari, kisha mpande juu yake hatua nyingi, mpaka kwenye udongo wenye majani. Bora zaidi, chagueni tarehe 8 hadi 10 au 22 hadi 24 za mwezi wa Kiislamu, ambapo maji ni mafu, yaani hayapandi wala kushuka sana. Mtakuwa katika msimu wa kusi, na Vumawimbi inatazama mashariki, kwa hivyo mgongo wa hema uelekee upepo na kamba zifungwe kwenye vigingi virefu, kwani vifupi havishiki mchangani. Chini ya mnazi msilale kamwe.

Mpenda Ndege

Nakubaliana na waliotangulia, lakini suala la moto halijajibiwa. Pemba hakuna chui, fisi wala mnyama yeyote mkubwa wa kumwinda mtu, kwa hivyo moto wa kukesha hamna wa kumfukuza. Utateketeza kuni ambazo hamruhusiwi kuziokota hifadhini na kuwafukuza viumbe mliowafuata. Bundi wa Pemba, ambaye haishi popote duniani isipokuwa kisiwa hiki, husikika zaidi gizani. Komba naye atawashtua usiku wa kwanza kwa kulia kama mtoto mchanga. Popo wa Pemba, ambao mabawa yao yakikunjuliwa hufika kiasi cha mita moja na nusu, hula matunda, maua na majani. Waliwindwa mpaka wakakaribia kwisha, na idadi yao imepanda tena baada ya wanavijiji wenyewe kuanza kuwalinda.

Bebeni jiko dogo la gesi la kupikia na tochi zenye mwanga hafifu. Anayestahili kuogopwa ni mbu. Malaria imepungua sana Zanzibar lakini haijatoweka, kwa hivyo kila mtu awe na chandarua chake. Asubuhi kung'uteni viatu kabla ya kuvivaa, kwa ajili ya nge na tandu, na chakula kifungeni katika ndoo yenye kifuniko, maana tumbili hawaombi.

Kijana wa Mjini

Ahsanteni sana, tumekubali kuacha moto. Limebaki la haja kubwa, ambalo tuliona haya kuliuliza mwanzo.

Dago la Kojani

Halina haya, ndugu yangu. Chimbeni shimo la kina cha shubiri moja kwenye udongo, si mchangani, kwa kuwa mchangani maji ya chini hayako mbali, tena mawimbi hufukua kila kitu. Liwe umbali wa mita sitini au zaidi kutoka kisimani na kambini, na kila mtu afukie mara moja. Karatasi na plastiki zirudi nanyi mjini. Boflo, ndizi na mihogo nunueni Konde, kwani mkishaipita mtakuta vijiduka tu.