Taa ya oili inawaka injini ikipata moto, nibadilishe pampu?

Mtoto wa Chumbageni: Wakuu, nina Hiace ya injini ya 3L, nabeba abiria Tanga–Muheza. Tumefungua injini, tukafunga metali mpya za mein, zile zinazoshika krenki, mhimili mkuu wa injini. Ikiwa baridi iko sawa. Nikifika Pongwe nikasimama, taa ya oili inawaka. Fundi anasema pampu. Ninunue? Hela yenyewe ya kuunga.

Dereva wa Horohoro: Weka oili nzito kaka. Yangu ilinisumbua hivyohivyo, nikatia 20W-50, nikapeleka watu harusini Duga Maforoni na kurudi. Pilau ya siku ile, acha tu.

Fundi Ngamiani: Oili baadaye. Krenki ilichongwa?

Mtoto wa Chumbageni: Kidogo.

Fundi Ngamiani: Kidogo ngapi? Na nyuma ya metali pameandikwaje?

Mtoto wa Chumbageni: Ilichongwa 0.25 mm. Metali ni STD, za krenki isiyochongwa. Za 0.25 dukani hazikuwepo, na mimi nina marejesho. Msiniambie ningesubiri.

Mama Sahare: Mwanangu, unabeba watoto wa watu humo.

Kijana wa Raskazone: Hii chai. Nafasi ya oili kati ya krenki na metali za mein ni kama 0.03 hadi 0.06 mm. Ongeza 0.25 uone kama taa itazima hata asubuhi. Huyu anamchafua fundi wa watu.

Dereva wa Horohoro: Kumbe chai! Na ushauri nimeshatoa.

Mtoto wa Chumbageni: Si chai. Fundi aliweka bati la kopo la soda nyuma ya metali, juu na chini. Ni mzoefu, magari ya stendi yote kwake.

Fundi Ngamiani: Hapo hesabu inakubali. Bati la kopo ni kama 0.1 mm, mawili 0.2, nafasi iliyobaki bado kubwa. Krenki inaelea juu ya oili. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, inavujia pembeni, presha inashuka. Pampu haitibu hilo. Bati likisogea likaziba tundu la oili, metali itazunguka na bloku itaharibika. Fungua, weka za 0.25, pima nafasi ya kila mein kwa plastigeji, ule uzi laini wa plastiki. Kofia za mein zirudi kwa namba zake, mshale mbele, ukaze kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza.

Mtoto wa Chumbageni: Pampu nimeshaitangulizia hela. Nikienda taratibu wiki hii tu?

Mama Sahare: Hapana, baba.

Kijana wa Raskazone: Picha ya bati, ndiyo niamini.

Mtoto wa Chumbageni: Nafungua jioni, picha naleta. Fundi Ngamiani, maikromita ya kupimia krenki unayo?