Watoto waliolazwa: maswali ya maisha ya nyumbani yaulizwe lini, na nani?

Mwuguzi_Goma
Wandugu, wodi yetu ya watoto ina vitanda 30, na mara nyingi kitanda kimoja kina watoto 2. Mtoto wa kuhara anapona, anarudi nyumbani, kisha anarudishwa na kuhara kulekule. Tumeandaa fishi (fomu) ya maswali 22 kuhusu chakula, maji, nyumba na pesa, inajazwa mapokezini. Karibu wamama wote wanajibu "hakuna shida". Kosa liko wapi?

Yaya_Kadutu
Kosa la kwanza ni mapokezi. Pale mama anawaza mambo mawili tu: mtoto atapona, na fakitire (bili ya hospitali) italipwa na nini. Ukimwuliza "una kazi?" karibu na dirisha la malipo, yeye anasikia "utalipa?" Ulizeni siku ya 2, homa ikishashuka, na anayeuliza asiwe mtu wa malipo. Msingoje siku ya kutoka, maana hakutabaki muda wa kutafuta msaada.

Maswali 22 ni mzigo. Yapunguzeni yafike 8 hivi. Kwa njaa kuna kipimo cha maswali 3 kilichojaribiwa katika nchi nyingi, kinachohusu wiki 4 zilizopita. Je, kuna siku nyumbani hamkuwa na chakula chochote kwa kukosa uwezo? Kuna mtu aliyelala njaa? Kuna aliyemaliza mchana na usiku mzima bila kula? Akikubali, uliza mara ngapi: mara 1 hadi 10 ni alama 1, zaidi ya 10 ni alama 2. Jumla ya 2 au 3 ni njaa ya wastani. 4 hadi 6 ni njaa kali.

"Mnakula vizuri?" iondoeni. Hakuna mama atakayejiaibisha huku jirani wa kitanda anasikia. Na angalieni sufuria iliyo chini ya kitanda: ikiwa kavu tangu jana, anayemnywesha mtoto usiku kucha hajala.

Maji_na_Usafi
Kwenye maji ni vilevile. "Mna maji?" kila mtu anayo. Uliza: jana mlichota bidoni ngapi za lita 20, mko watu wangapi, yalitoka wapi, mlitia dawa? Kipimo cha dharura ni angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Watu 7 wanahitaji lita 105, zaidi ya bidoni 5. Akisema 2, kila mtu hapati hata lita 6, kwa hiyo kumhubiria kunawa mikono ni kumwonea bure.

Mkimpa klorini, kidonge cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji maangavu, dakika 30 kabla ya kunywa. Kikitiwa kwenye ndoo ya lita 5, harufu inakuwa kali, watoto wanayakataa na familia inaacha dawa kabisa. Choo pia: kuchimba kwenye mawe ya volkano ya Goma ni kazi nzito, basi uliza nyumba ngapi zinashiriki choo kimoja, bila lawama.

Kamalondo_Lshi
Ongezeni swali moja la waliolazwa hasa: nani amebaki na watoto wengine nyumbani? Mama anayetoroka kabla ya dawa kuisha mara nyingi anawakimbilia hao.

Baada ya kila jibu uliza, "Unataka tukusaidie katika hili?" Mwenye shida anaweza kukataa, na aliyesema hana anaweza kuomba. Pembeni andikeni nani anafanya nini leo. Kwa mfano, hapa Kongo kuandikisha mtoto ni bure ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, inahitajika hukumu ya mahakama. Mwenye siku 80 asingoje kupona ndipo mzazi aende etasivili (ofisi ya kuandikisha watoto).

Ukatili wa nyumbani ulizwe mama akiwa peke yake, bila mume wala mamamkwe, na jibu lisikae kwenye fishi inayoning'inia kitandani. Akitaja kubakwa, dawa ya kuzuia VVU ianze ndani ya saa 72. Kama hamna pa kumpeleka, tafuteni kwanza, ndipo muulize.

Mwuguzi_Goma
Asante yaya, asanteni wote. Tunahamia siku ya 2. Na mama anayejua Kinande tu, mwanawe mkubwa atafsiri?

Yaya_Kadutu
Hapana. Hatasema njaa yake mbele ya mwanawe. Tafuteni mfanyakazi wa wodi nyingine anayejua Kinande, mwanamke ikiwezekana.