Mjadala: Vituo vya umma viache vikombe vya kutupa, turudi kwenye vikombe vya kuosha

Mleta mada

Wakuu habari za jioni. Kuna jambo linanikereketa muda mrefu, naombeni tulijadili. Mi nafanya usafi kwenye kituo kimoja cha afya cha serikali hapa Dar, sitakitaja, huu mwaka wa sita. Pale watu wanaposubiri kuna dispensa ya maji na pembeni vikombe vile vyeupe vya plastiki, vilaini, ukikibana kidogo kimepasuka. Mgonjwa anachukua, anapiga mafunda mawili, anatupa. Baada ya nusu saa kiu imerudi, anachukua kingine. Mtoto anachukua cha kunywea na cha kuchezea. Dirisha la dawa nako hivyohivyo kwa wale wanaoambiwa wameze kidonge palepale. Jumatatu kliniki ya mama na mtoto ikijaa, hadi saa sita mchana nimeshabadilisha mfuko wa taka mara tatu na ukiufungua ndani ni vikombe tu, vingine bado vina maji nusu.

Sasa vinaenda wapi? Gari la taka likichelewa vinachomwa kule nyuma. Nimesimama pale nimeona kwa macho yangu, kikombe kikiguswa na moto kinajikunja, kinakuwa tone jeusi linadondoka, na moshi wake unakaba koo, upepo ukigeuka unaingia madirishani wodi ya wazazi, kuna kichanga cha siku moja mle ndani. Visivyochomwa vinaishia mtaroni na sisi tunaokaa mabondeni tunajua masika ikikuta mtaro umeziba inakuwaje. Kuna mzee anapita kila asubuhi kuokota chupa, nilimuuliza mbona vikombe unaviacha, akasema mwanangu hivi havina kilo, nikijaza kiroba cha chupa napata ya kula, nikijaza kiroba cha hivi nimebeba upepo, mwenye mzani hataki hata kuviona.

Hoja yangu ni kwamba hospitali, ofisi za kata, mahakama, stendi na shule za serikali ziweke vikombe vya kudumu, vya bati au vya stili, viwe na sehemu yake ya kuoshea na mtu aliyepewa hiyo kazi, na tuwazoeshe watu kutembea na kikombe au chupa yao na kujaza. Na msiniambie hayo ni mambo ya Ulaya maana hii kitu tunayo. Ukienda kwa Mangi kuchukua soda ya chupa ya kioo huna chupa tupu, si anakwambia uache hela ya chupa? Ukirudisha anakupa hela yako. Kreti zinazunguka nchi nzima hivyo miaka yote na hakuna anayetupa chupa ya soda barabarani. Na muuza kahawa na birika lake, anagonganisha vikombe tunamsikia toka mbali, tunakunywa, tunamrudishia, maisha yanaenda.

Tarehe 1 Juni 2019 ilipopigwa marufuku mifuko ya rambo si watu walisema nyama tutabebea nini? Leo watu wanatoka na kikapu nyumbani. Najua vile vifuko vya kuangaza vimerudirudi masokoni, hilo sikatai, ila ile rambo iliyokuwa inaning'inia kwenye kila mti imepungua sana na mwenye macho anaona.

Mkazi wa Tandale

Ndugu yangu nakuheshimu na kazi yako naiheshimu ila hapa napinga mwanzo mwisho. Agosti 2015 kipindupindu kilipoingia Dar mi nilikuwa hapahapa, nimeona majirani wanabebwa, afu wewe leo unataka wagonjwa wachangie kikombe, tena hospitalini, mahali ambapo kila aliyekaa pale ana la kwake. Nani atakiosha? Na maji yapi? Kuna vituo maji yanakatika siku mbili mtu akienda chooni anaomba ndoo, hayo ya kuoshea vikombe mia tatu yanatoka wapi? Kile cha plastiki nakitoa mwenyewe kwenye pakiti najua hakijaguswa na mdomo wa mtu. Taka ni tatizo kweli ila mi nimuokoe mwanangu kwanza, mtaro baadaye.

Nesi mstaafu

Wanangu nimefanya kazi wodini zaidi ya miaka thelathini, ngoja tutenganishe mambo. Watu wengi wanaogopa kikombe kwa sababu ya kifua kikuu, wapo wagonjwa wetu waliotengewa sahani na kikombe nyumbani mpaka wakakonda kwa aibu. TB inaambukiza kwa njia ya hewa, mgonjwa akikohoa chumba kimefungwa, haipiti kwenye kikombe. Dispensa ile mnayoipigania ipo kwenye korido haina dirisha, hilo ndo la kuogopa zaidi.

Kipindupindu ni kweli, hapo wa Tandale yuko sahihi, kikombe kilichosuuzwa kwenye maji machafu kinaweza kukupa. Ila tulikuwa tunaosha vyombo vya wodi nzima kwa mabeseni matatu: la kwanza maji na sabuni, la pili maji safi ya kusuuza, la tatu maji ya moto sana au yenye klorini, halafu unavipanga vikauke vyenyewe, usivifute na kitambaa maana kitambaa ndo kinarudisha uchafu wote. Maji ya beseni unayabadilisha yakianza kuchafuka tu, husubiri yawe kama uji. Kama kituo hakina maji ya kufanya hivyo basi wasiweke vikombe vya kuchangia, nasema wazi, waanze na watu kuja na vyao. Na kituo kisicho na maji ya kuosha kikombe, mkunga anaoshea nini mikono? Hilo mlipigie kelele kwanza.

Wa Mombasa

Sisi huku Kenya kuanzia 5 Juni 2020 ukiingia mbuga ya wanyama ama ufuo uliohifadhiwa huruhusiwi chupa, kikombe, sahani wala kijiko cha plastiki cha kutumia mara moja. Mwanzo watu walilia lakini sasa mtu anabeba chupa yake ya stili. Ila nikuulize mleta mada, wale wakubwa mkiwabadilishia plastiki si watawaletea vikombe vya karatasi waseme tatizo limeisha? Kile cha karatasi ndani kimepakwa plastiki nyembamba ndio maana hakivuji, na kukitenganisha ni kazi. Hapo mtakuwa mmebadilisha rangi ya taka tu.

Mwalimu wa msingi

Shule yetu tulijaribu. Vikombe 60 vya plastiki ngumu, muhula haujaisha vimebaki 11. Mwenzangu mmoja akapendekeza kile kimoja kifungwe kamba kwenye ndoo kama zamani, nikakataa kabisa, darasa zima mdomo mmoja hapana. Tulichofanya kila mtoto aje na kikombe chake kimeandikwa jina kwa rangi ya kucha, haifutiki. Hakijapotea hata kimoja tangu Januari maana mama mwenye kikombe anakiulizia.

Muuza kahawa

Mmenitaja na mi niseme. Napita na birika, jiko la mkaa chini, vikombe kumi na mbili na ndoo ndogo ya maji. Ukweli ni kwamba yale maji ya ndoo kufika saa tano asubuhi sio ya kumsifia mtu. Mteja mmoja mama mtu mzima aliniambia mwanangu kahawa yako tamu ila sitaki kikombe, akaleta chake kutoka ndani. Siku hizi nabeba chupa mbili kubwa za maji safi nakimiminia kila kikombe juu ya ndoo, sikichovyi, na kila nikirudi kijiweni navimwagia maji yanayochemka toka kwenye birika la pili. Mzigo umeongezeka, bega linauma, ila wateja wameongezeka pia. Kwa hiyo mleta mada usituweke kama mfano mzuri tu, wengine bado wanachovya.

Mleta mada

Nimewasoma wote. Kaka muuza kahawa nakushukuru, nilikusifia bila kuangalia ndoo. Na ndugu wa Tandale, hofu yako naichukua, siwezi kumwambia mzazi aliyeona 2015 kwamba anatia chumvi. Nabadilisha hoja yangu kidogo: kwenye vituo vya afya tuanze na mgonjwa kuja na kikombe chake, iandikwe kwenye kadi ya kliniki pale pale wanapoandika uje na kanga na beseni, maana hayo akina mama wanayabeba bila kugombana na mtu. Vikombe vya kuosha viwe vichache, kwa aliyesahau, na mabeseni matatu kama alivyosema mama nesi. Kwenye ofisi ambazo sio za wagonjwa sioni kisingizio kabisa, pale watumishi wote wana vikombe vyao mezani vya chai ila mwananchi ndo anapewa cha kutupa.

Kuhusu maji, 2020 kipindi cha korona si kila mlango ulikuwa na ndoo ya koki na sabuni, mpaka genge la nyanya? Zile ndoo zetu zipo stoo, nimeziona wiki iliyopita, saba, koki mbili tu ndo mbovu.

Wa Mombasa, hilo la vikombe vya karatasi umenifumbua macho, nitamwambia mganga mfawidhi kabla hawajaagiza. Nimeomba kuonana naye Alhamisi na nataka niende na bei mkononi. Anayejua Kariakoo ni mtaa gani wanauza vikombe vya bati kwa dazeni, vile vyeupe vyenye ukingo wa bluu, aniambie.