Tupeane uzoefu: unaumwa moyo, na mwenzako ndani anakutegemea wewe

Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 51, naishi Mbagala. Mume wangu alipata ajali ya bodaboda mwaka 2017, uti wa mgongo ukaumia; kuanzia kiunoni kushuka hana nguvu wala hisia. Mimi ndiye namwogesha, namgeuza, namwaga mfuko wa mpira wa mkojo.

Miaka mitatu iliyopita nikaanza kukosa pumzi usiku. Nalalia mito mitatu, miguu imejaa hadi kandambili haziingii. Nikajua ni uchovu wa kuuguza tu. Pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kipimo cha eko kikaonyesha moyo umetanuka na hausukumi damu vizuri. Daktari akanikataza kunyanyua vitu vizito. Nikaitikia tu, sikumwambia kwamba nyumbani nina mtu wa kilo 74 wa kugeuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo.

Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, nainywa saa kumi na mbili asubuhi. Ikifika saa moja ni chooni na kurudi, na huo ndio muda wa kumwogesha. Namwacha na povu kifuani, ananiambia, "Nenda mke wangu, nakusubiri."

Siku niliyomweleza nesi ukweli, alinipeleka kwa mtu wa mazoezi ya viungo. Akanifundisha kutandika shuka lililokunjwa mara mbili, kutoka mabegani hadi mapajani, nalivuta kwa kuegemea nyuma, simnyanyui. Upande wa pili tukafunga kamba kwenye ukingo wa kitanda, mume wangu anajivuta mwenyewe. Mikono anayo! Miaka yote hiyo nilikuwa namgeuza kama hana.

Swali langu: ukilazwa wewe, yeye anabaki na nani?

Wa Tanga: Pole sana dada. Mke wangu kapooza upande wa kushoto, kiharusi. Mimi nina valvu ya chuma, natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Kwa kumbeba mgongo ukaniuma, dukani wakanipa diklofenaki, dawa ya maumivu, bila kuniuliza kitu. Siku ya nne choo cheusi kama lami, kumbe damu inavuja tumboni, nikalazwa. Jamani, ukiwa kwenye warfarini usimeze dawa ya maumivu kabla hujamuuliza daktari wako. Na wenye moyo uliochoka, dawa kama diklofenaki zinajaza maji mwilini, kwa hiyo nawe dada jihadhari. Nilipolazwa, mke wangu alikaa na mtoto wa jirani siku mbili, hakujua hata dawa zake ziko wapi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wa Mombasa: Mume wangu sukari imemchukua mguu na macho. Mimi moyo. Kila asubuhi nikishatoka msalani napanda mzani kabla ya chai. Uzito ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu ni maji hayo, usingoje miguu ivimbe, mpigie daktari. Kuhusu kulazwa: mlangoni nimebandika karatasi, dawa zake, dawa zangu, nambari ya wifi yangu. Wifi akija hana haja ya kuuliza.

Mleta mada: Asanteni sana. Karatasi tumeiandika leo. Nilimpa mume wangu kalamu ajaze upande wake. Alipomaliza akajaza na wangu, dawa zote na saa zake, hakuniuliza hata moja.