Mjadala: Medali za mzee Oscar Swahn zihesabiwe sawa na za wanamichezo wengine?

Wadau, habari zenu.

Tangu picha ya Mturuki Yusuf Dikeç isambae wakati wa Olimpiki ya Paris 2024, mkono mmoja mfukoni, bastola mkono wa pili, hoja moja haijapoa mitandaoni. Jamaa alikuwa na miaka 51 na akaondoka na medali ya fedha ya kulenga shabaha kwa bastola, timu mchanganyiko ya mwanamume na mwanamke. Wengi wakasema: mchezo ambao mtu anasimama tu, jasho halimtoki, na bado anapanda jukwaani, haupimi mwili, basi utolewe Olimpiki. Anayetaka kuikoleza hoja hiyo humtaja mlenga shabaha Oscar Swahn wa Uswidi, aliyepata medali mwaka 1920 akiwa na miaka 72. Mpaka leo hakuna mwanamichezo mzee kuliko yeye aliyepata medali ya Olimpiki.

Mimi nasimama upande wa mzee Swahn, na nitaeleza kwa nini. Ila kuna sehemu moja wapinzani wana haki, nayo nitaigusa.

Kwanza tujue alikuwa anashindana katika nini. Hakuwa akilala kifudifudi kulenga duara lililotulia. Mchezo wake uliitwa kulungu anayekimbia: sanamu bapa la mnyama linavutwa kwenye reli, umbali wa takriban mita 100 kutoka kwa mlengaji, likikatiza uwazi wa mita 23 hivi kwa sekunde nne tu. Mashindano ya risasi moja yanakupa nafasi moja kila linapopita. Ya risasi mbili ni magumu zaidi, kwa sababu ndani ya sekunde hizo hizo nne unafyatua, unaweka risasi nyingine, unalenga upya, unafyatua tena.

Sasa pigeni hesabu. Sanamu linakwenda karibu mita sita kwa sekunde. Risasi yenye mwendo wa mita 700 kwa sekunde inahitaji sehemu ya saba ya sekunde kufika. Katika muda huo kulungu amesogea sentimita 80 hivi. Ukimlenga kifuani, umemkosa. Lazima upige mahali ambapo bado hajafika, kama kiungo anavyompigia winga pasi mbele, na wakati huo huo mtutu uendelee kutembea bila kusita kidole kinapovuta. Hapo kuna bega, kiuno, miguu, pumzi na jicho, vyote kwa pamoja. Anayesema mwili haufanyi kazi hapo ajaribu kushika bunduki begani na kuizungusha taratibu bila kutetemeka.

Halafu kuna macho. Kwa bunduki isiyo na darubini, jicho linatakiwa lishughulike na alama ya nyuma, alama ya mbele na shabaha ya mbali. Kuanzia miaka ya arobaini na kitu, lenzi ya jicho hukakamaa na kazi hiyo huwa ngumu. Kwa hiyo umri haukumpa Swahn unafuu wowote, ulimwongezea mzigo. Ndiyo maana naiona hoja ya wapinzani imegeuzwa kichwa chini: wanauchukua ugumu alioushinda na kuufanya ushahidi kwamba hapakuwa na ugumu.

Alizaliwa Oktoba 1847. London 1908, akiwa na miaka 60, alishinda dhahabu ya mtu mmoja mmoja katika risasi moja kwa pointi 25, akimzidi Mwingereza Ted Ranken kwa pointi moja. Akaongeza dhahabu ya timu na shaba ya risasi mbili. Stockholm 1912 akapata dhahabu ya timu na shaba nyingine. Miaka 64, bingwa wa Olimpiki! Antwerp 1920 timu yao ikashika nafasi ya pili nyuma ya Norwe. Medali sita. Mwanawe Alfred alikuwa naye katika michezo yote mitatu, na yeye alimaliza na tisa. Mzee aliteuliwa tena kwa ajili ya Paris 1924, ugonjwa ukamzuia. Alifariki 1927.

Haya, haki ya wapinzani. Ile dhahabu ya timu ya 1908 ilishindaniwa na timu mbili tu, Uswidi na Uingereza, na tofauti ilikuwa pointi moja, 86 kwa 85. Mwaka 1912 timu zilikuwa nne. Ulikuwa mchezo wa watu wa Ulaya na Marekani wenye bunduki, viwanja na muda, wakati sehemu kubwa ya dunia, sisi tukiwamo, ilikuwa chini ya wakoloni na haikualikwa. Hilo linaniuma, na sitaki lifunikwe na takwimu. Rekodi ikiandikwa, iandikwe na idadi ya walioshindana.

Lakini kasoro hiyo si ya kulenga shabaha peke yake. St. Louis 1904 washiriki wengi mno walikuwa Wamarekani, wenyeji wa michezo hiyo. Katika kuvuta kamba London 1908, medali zote tatu zilichukuliwa na timu za polisi wa Uingereza. Mbona hao hawaitwi kwenye kesi? Naona anayesimamishwa kizimbani ni mzee, kwa sababu ya mvi zake.

Hivyo swali langu kwa wanaopinga, na naomba mjibu moja kwa moja: katika zile medali sita, ni ipi mngeiondoa, na kwa kigezo gani? Kama ni uchache wa timu, semeni idadi ya chini mnayoikubali, kisha tuipitishe kwenye michezo yote ya kabla ya 1924, riadha na kuogelea vikiwemo. Kama ni umri, basi niambieni mtafanya nini na Hiroshi Hoketsu wa Japani, aliyepanda farasi London 2012 akiwa na miaka 71.