Mrejesho: maji kwenye mbawa za planeri, ni wizi au si wizi?

Wandugu, asanteni. Niliuliza kutoka hapa Lubumbashi kama rubani wa planeri, ile ndege isiyo na injini, anayejaza maji mbawani kabla ya mashindano anaiba. Haibi. Nimeunganisha majibu yenu na kanuni za FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga.

Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo maji yanaongeza uzito. Ndege nzito inateleza kwa mwinamo uleule, ila kwa kasi kubwa zaidi. Hasara ni kwamba hewa moto inayoinua planeri ikiwa dhaifu, ndege nzito inapanda polepole, ndipo rubani anafungua vali na kumwaga. Daraja la mita 18 (upana wa mbawa, ncha hadi ncha) kikomo chake ni kilo 600 kwa ndege nzima, na mizani ipo uwanjani. Daraja la Klabu, la planeri za kizamani, maji ya kumwaga hayaruhusiwi kabisa.

Cha kuchunga hasa ni tangi la mkia, ambalo maji yake husawazisha yale ya mbawani. Vali ya mkia ikiganda kwa baridi ya juu huku mbawa zimeshamwaga, uzito unarudi nyuma, na ndege ikianza kuanguka kwa kuzunguka inaweza kugoma kutoka. Kwa hiyo mkia unamwagwa kwanza, au kwa pamoja.

Hila yenyewe ni kubeba kifaa cha upeo bandia, kinachoonyesha ndege imelala vipi bila kuona nje, ili kupenya mawinguni. Hicho marufuku. Halafu kuna adabu: anayeingia kwenye hewa inayopanda anazunguka upande uleule wa aliyetangulia, wala hawamwagii maji walio chini yake.