Ameharibu jaribio la kusikiliza yeye mwenyewe, kisha anatuambia masikio ya Wapwani ni mazito

Kalamu_ya_Kisauni

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira wala sitaki ipoe kwanza. Sina haja ya kumtaja, maana kila aliyewahi kujifunza Kijerumani mjini humu Mombasa anamjua: ni yule mwalimu mwenye spika nyeusi iliyozungushiwa utepe wa plastiki, ambayo ingemfanya hata mzaliwa wa Berlin aombe mkalimani. Leo alasiri ametupa jaribio la kusikiliza la kiwango cha B1, yaani kiwango cha kati, ambalo kwa kanuni yake ndilo linaloamua nani ataandikishwa kwa mtihani wenyewe na nani atarudia muhula na kulipa karo upya. Darasa zima tulipoanguka, alisimama mbele yetu akasema: “Tatizo si spika. Tatizo ni masikio yenu ya Pwani, masikio mazito.”

Masikio mazito! Ametamka maneno hayo katika chumba cha ghorofani kinachotazama Barabara ya Digo, madirisha yakiwa wazi kwa sababu feni imekufa tangu enzi za Wareno, na chini makanga wanaita abiria wa Kongowea na Bamburi kwa sauti zinazofika Lamu. Rekodi ilikuwa ndani ya simu yake. Katikati ya mjadala wa redioni simu ikalia, sauti ikakatika, naye akatoka nje kuzungumza. Aliporudi aliendelea pale pale ilipokatikia, bila kurudisha nyuma hata sentensi moja. Mjadala ulipokwisha ndipo alipotugawia karatasi za maswali. Sasa niambieni, mtu anayesikiliza bila kujua ataulizwa nini anapimwa kusikiliza, au anapimwa kukariri?

Kila aliyesoma maelezo ya Goethe-Zertifikat B1, mtihani wenyewe wa Kijerumani wa Taasisi ya Goethe, anajua kuwa sehemu ya kusikiliza ina maswali 30 yaliyogawanywa katika mafungu manne na huchukua takriban dakika 40. Fungu la kwanza na la nne husikilizwa mara mbili, la pili na la tatu mara moja, na mtahiniwa hupewa muda wa kusoma maswali kabla ya sauti kuanza. Hatakiwi kuandika sentensi yoyote. Huchagua jibu, huamua kama kauli ni kweli au si kweli, au huonyesha nani amesema nini. Huyu bwana ametutaka tuandike sentensi kamili za Kijerumani, kisha akatukata alama kwa kila nomino iliyoanza kwa herufi ndogo. Mwenzangu mmoja, muuguzi, alinisimulia mjadala ule wote tukishuka ngazi, kwa Kijerumani, akitaja nani aliunga mkono hoja na nani aliipinga. Amepewa 9 kati ya 30. Na yeye pia ameambiwa ana masikio mazito, tena usoni pake, karatasi ikiwa mkononi.

Mvita_Halisi

Pole sana, ndugu yangu. Mimi nimepita mikononi mwake. Siku umeme ulipokatika alitusomea maandishi yeye mwenyewe, polepole, silabi moja baada ya nyingine, na sote tukapata alama za juu kabisa. Nilipokutana na watalii wa Kijerumani Diani sikuambulia kitu zaidi ya salamu, kwa sababu wao hawaachi nafasi ya kunywa chai kati ya neno na neno. Anayepima usikivu kwa sauti isiyofanana na ya wenye lugha anawadanganya wanafunzi wake, hata anapowapa alama nzuri.

Bahari_Tulivu

Mtoa mada, umelalamika kupita kiasi. Katika sehemu ya kusikiliza ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, kuna maswali 40, rekodi husikilizwa mara moja tu, na ukikosea tahajia unapoteza alama. Watu wanafanya na wanafaulu. Ikiwa makanga wa Barabara ya Digo wamekushinda, kituo cha treni cha Frankfurt kitakumeza mzima mzima.

Kalamu_ya_Kisauni

Bahari_Tulivu, IELTS humpa mtahiniwa muda wa kusoma maswali, na sharti la tahajia linajulikana kabla mtu hajaingia chumbani. Sikatai mtihani mgumu. Nakataa mtihani uliovurugwa na mtahini, kisha lawama ikatupiwa masikio yetu. Masikio mazito, mbele ya watu wazima!

Mama_Wawili_Tudor

Ninyi angalau mmewekewa rekodi. Kiswahili ni lugha ya pili kwa watoto wengi wa nchi hii, na bado katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kina karatasi tatu, Insha, Lugha na Fasihi, zote za kuandika, huku wenzao wa Kifaransa wakipimwa kusikiliza. Katika madarasa ya chini ipo mada ya Kusikiliza na Kuzungumza, lakini mwalimu wa mwanangu huwatia alama ya vema watoto wote kwa mkupuo bila kumsikiliza hata mmoja. Nilipomuuliza, alinijibu kuwa mtoto aliyenyamaza ndiye anayesikiliza.

Mwalimu_wa_Wageni

Mama, umegusa kidonda changu. Mimi nafundisha wageni Kiswahili hapa Mji wa Kale, na majaribio tunayoletewa yote yana sauti moja tu ya msomaji wa taarifa ya habari, iliyonyooka, isiyokohoa. Wanafunzi wangu wanafaulu vizuri, kisha wanapanda feri ya Likoni na kuniandikia kuwa hawakuelewa hata neno. Nilirekodi mazungumzo ya wauza samaki, watu wawili wakikatizana katika Kimvita chao, lahaja ya hapa Mombasa, nikaomba yatumiwe kwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Yakakataliwa kwa madai kuwa si Kiswahili sanifu.

Bahari_Tulivu

Yalikataliwa kwa haki. Mgeni aanze na sanifu. Lahaja atazikuta barabarani.

Mama_Wawili_Tudor

Mgeni wa mwaka wa pili si wa mwanzo tena, Bahari_Tulivu. Mwanangu alizaliwa Tudor, na hata yeye hajawahi kuwekewa darasani sauti ya mtu wa Mvita.

Mwalimu_wa_Wageni

Nakubali kuwa anayeanza apewe sauti ya taratibu, tena irudiwe. Lakini aliyekwisha kufika kiwango cha kati lazima apimwe kwa watu wanaokatizana, wanaocheka katikati ya sentensi na wanaorudia bei mara tatu kwa hasira. Rekodi ile ya wauza samaki nitaiweka hapa kesho. Bahari_Tulivu ataisikiliza mara moja tu, kama anavyopenda, kisha atuambie samaki aina ya changu waliuzwa kwa bei gani.